Ikupa Hana Mkwe Huku

Halafu mnarudia tena neno lilelile, kwamba yule mama alitukwamisha kwa roho mbaya. Roho mbaya ipi? Juzi hapa Mlandege, pale tunapokaa mafundi kusubiri kazi, jamaa mmoja kakalia ndoo ya rangi anatafuna muhindi, anasema wodi ya wazazi haijaezekwa mpaka leo kwa sababu watu wa Mbeya hawapendi kuona Iringa inaenda mbele. Nikamwambia simama urudie. Hakusimama. Wenzangu wakanishika mikono, Rabson achana naye, Rabson una hasira za kijinga. Sawa, ninazo. Basi kwa kuwa sikumpiga, naandika. Na wewe unayesoma usije ukaniambia Kiswahili changu kibovu. Niliishia kidato cha pili. Kazi yangu kukunja nondo.

Huyo mama anaitwa Ikupa. Ni fundi sanifu wa majengo, ameajiriwa na halmashauri moja kule Mbeya. Mfupi, mnene kidogo, anatembea haraka kama kaacha sufuria jikoni. Alikuja kwetu mara moja tu, siku moja, toka saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Siku hiyo nilimtukana, na siku hiyohiyo nilimchimbia shimo. Nitaeleza.

Kulikuwa na utaratibu umeanza, wataalamu wa huku na wa kule wanabadilishana. Mradi wa serikali ukifika hatua fulani, kazi inasimama kidogo, wanakuja watu wa kazi hiyohiyo kutoka mkoa mwingine wanaangalia. Hawalipwi na mradi, hawamjui mtu. Wakiona sawa wanasaini, kazi inaendelea. Wasiposaini, haiendelei. Kwenye wodi yetu hatua zilikuwa tatu: kabla ya kujaza msingi, kabla ya kuezeka, na kabla ya kufungua. Sisi saiti tulikuwa tunawaita wageni wa hatua. Hawachinjiwi mbuzi, wameshakatazwa hata kula kwetu. Wanakuja na chapati zao kwenye mfuko.

Wodi yenyewe ni ya vyumba vinne, iko kijiji kimoja ukishapita Idodi. Jina la kijiji naliacha, bado nina watu huko na nataka niendelee kula kwao. Hapo kabla, mwanamke akishikwa uchungu anapakiwa kwenye bodaboda, katikati ya dereva na shangazi yake, vumbi na makorongo mpaka Idodi. Wengine wamezalia njiani. Kwa hiyo wodi ilipokuja watu walifurahi, usipime. Serikali ilileta saruji, nondo, mbao na bati. Wananchi wakaleta mawe, mchanga, maji na mikono.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo tulipoharibu.

Msingi ulichimbwa kwa nguvu za wananchi. Mwenyekiti wa kijiji akaugawa kwa vitongoji vitatu, kila kitongoji na kipande chake, halafu akaweka mashindano. Kitongoji kitakachomaliza kwanza kinachukua beberu mmoja na pipa la komoni, pombe yetu ya kienyeji. Ilikuwa Oktoba. Udongo wa kule ni mweusi, ule wa mbuga. Kiangazi unakauka mpaka sururu inakurudia usoni. Masika unavimba kama unga uliotiwa hamira. Ramani ilisema mita moja na nusu, uupite weusi wote mpaka uguse changarawe nyekundu. Vitongoji viwili vilifika kwenye changarawe. Kitongoji cha tatu kilichimba sentimita sitini, sururu zikaanza kugonga, wakasema tumefika mwamba. Kesho yake wamejaza mawe. Wakaondoka na beberu wao wanaimba.

Kipande chao ndio kona ya chumba cha kujifungulia.

Kiongozi wa kitongoji hicho ni Mzee Filemoni. Mzee Filemoni ni baba yake Eveline. Na Eveline ndiye mwanamke wangu, ambaye wakati huo ana mimba yangu, na ndoa bado.

Mnaelewa? Mimi nilifika kijiji kile toka Aprili, kukunja nondo za darasa la shule, nikampa mimba binti wa mtu. Ukoo ukakaa. Mzee Filemoni angeweza kunifukuza kijijini na mapanga, watu wangemshangilia. Hakufanya. Alinisamehe mbele ya kaka zake wote, akasema huyu kijana sasa ni wa kwangu, akanipa kiti. Toka siku hiyo mimi nikimwona njiani nashuka kwenye baiskeli. Nikiongea naye naangalia chini. Kwa Wahehe mkwe si mtu wa kumbishia. Humwambii hata kwamba kakosea jina la siku.

Na mimi nilijua. Nilijua kabla ya mtu yeyote, kwa sababu nondo hazidanganyi. Nondo za nguzo za kona zote nilikuwa nimeshazikata kwa urefu mmoja. Nilipofika kona ile zikazidi. Nikapima, nikapima tena, zimezidi karibu mita nzima. Nikaangalia huku na huku. Mzee Filemoni kasimama juu ya mawe yake, kofia kichwani, ananichekea. "Mkwe, vipi, chuma kirefu?" Nikasema, "Kirefu kidogo, baba." Nikachukua msumeno nikakata. Nne, moja baada ya nyingine.

Kaka Adrian, msimamizi kutoka wilayani, alikuja siku tatu baadaye. Alitakiwa awaite wageni wa hatua kabla hatujajaza, akachelewa kwa sababu gari haikuwa na mafuta, alivyofika akakuta mawe mpaka juu. Akanivuta pembeni.

"Rabson, huku chini kuko sawa?"

"Kuko sawa, bosi."

"Kote?"

"Kote."

Mdomo huu huu. Adrian akachukua picha zilizopigwa wakati wa kuchimba, akazituma Mbeya, hatua ya kwanza ikapita kwa picha. Ukuta ukapanda. Lenta ya zege ikamwagwa juu ya madirisha. Kila nikipita kona ile natembea haraka. Eveline akawa ananionyesha, "Kitanda kitakaa hapa, dirisha hili hapa, mimi nitakuwa wa kwanza kuzalia humu." Tumbo lina miezi saba. Mimi najibu eeh, eeh, jasho linatoka kwapani.

Mwanzoni mwa Desemba mvua bado zimegoma, mbao za kenchi zimeshashushwa, bati ziko chini ya turubai. Siku sita mbele kuna ugeni unakuja kutoka mkoani kuona paa. Kina mama wanafanya mazoezi ya ngoma. Ndipo ile gari nyeupe ikaingia, akashuka Ikupa na dereva wake. Mwenzake aliyetakiwa waje wote aliugua. Akashika buti zake mkononi, akakaa kwenye tofali akavaa, akasimama.

"Kamwene," akatusalimia Kihehe. Akakosea lafudhi. Watu wakacheka, wakamwitikia.

Alizunguka jengo mara mbili hajasema kitu. Akagonga lenta kwa nyundo ndogo. Akapanda ngazi akaangalia mkanda wa juu. Adrian nyuma yake, shati limechomekewa, anaeleza kila kitu kabla hajaulizwa. Mzee Filemoni na wazee wenzake wamekaa kivulini mwa ukuta. Mama Evarista, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, yuko na kina mama wake kwenye mapipa ya maji.

Ikupa akatoa simu yake, akafungua picha. Akaziangalia, akarudi nyuma, akaziangalia tena.

"Adrian, hizi picha sita za msingi zimepigwa sehemu tofauti?"

"Ndiyo madam. Pande zote."

"Basi huyu mwenye buti ya njano alikuwa anakimbia sana." Akageuza simu tuone. "Yuko kwenye zote sita. Kasimama palepale. Na chepe lipo palepale, limeegemea jiwe lilelile."

Watu wote wakaniangalia miguu. Mimi ndiye mwenye buti ya njano.

Akanijia. "Mdogo wangu, unaitwa nani?"

"Rabson."

"Rabson, wewe ulikuwepo. Nataka kuchimba shimo moja pembeni ya msingi, nione unakoishia. Nichimbe wapi?"

Kichwa kikapata moto. Mzee Filemoni yuko hatua kumi, ananiangalia. Nikamwambia yule mama maneno ambayo nikiyakumbuka najisikia vibaya. Nikasema, "Chimba popote unapotaka, si umekuja kutuharibia? Mmeshiba huko kwenu, mnakuja kutupima na sisi. Mwanamke mzima unachunguza buti za watu!" Vijana wakashangilia. Mmoja akapiga mluzi.

Ikupa hakukasirika. Angekasirika ningefurahi. Alinitazama tu, halafu akawa kama anatazama kitu nyuma yangu. Akasema, "Haya."

Adrian akaingilia kati. "Madam, na heshima zote, hatua ya msingi ilishapita. Leo tumekuja kwenye paa."

"Ilipita kwa nani?"

"Kwa ofisi yenu."

"Kwa picha za mtu mmoja amesimama sehemu moja. Adrian, hili paa nikilisaini nimesaini na kilicho chini yake. Shimo moja. Saa moja ya kazi."

Adrian akaona bora amalize. Akawaonyesha vijana upande wa mashariki, kipande cha kitongoji kingine, kile kizuri. Sidhani kama alijua. Alichagua tu sehemu yenye kivuli. Wakachimba. Mita moja, mita moja na ishirini, wakafika mita na nusu, changarawe nyekundu hiyo, mawe yamekaa juu yake safi kabisa. Ikupa akashuka mwenyewe na tepu, akapima, akatoka magoti meusi.

"Umeridhika, madam?" Adrian anatabasamu sasa.

"Hapa nimeridhika."

"Si ulisema shimo moja?"

Ni kweli alisema shimo moja. Kina mama wakaanza vigelegele. Mtu akapiga ngoma. Ikupa akaenda kwenye gari, akatoa karatasi, akaziweka juu ya boneti, akafungua kalamu. Akasimama hivyo, kalamu juu ya karatasi, haandiki. Jua la saa saba, watu kama mia wanamtazama mkono.

Mimi nilikuwa namwangalia Eveline. Kakaa juu ya bati zilizofunikwa, kanyoosha miguu kwa sababu ilikuwa imevimba, anapiga makofi na wenzake. Nikaona kile chumba. Nikaona mwezi wa pili, mvua imeshanyesha wiki tatu, udongo umevimba chini ya kona, bati na kenchi zote juu ya ukuta ule, na yeye kitandani hawezi kukimbia.

Kusema nilishindwa. Namaanisha mdomo haukufunguka, na Mzee yuko pale. Lakini miguu ikaenda. Nikachukua sururu kwa kijana mmoja, nikapita katikati ya watu, nikafika kona ya chumba cha kujifungulia, nikaanza kuchimba. Sikumwambia mtu kitu. Ngoma ikanyamaza polepole, kama mtu anayesinzia.

"Rabson!" Adrian anaita. "Oya, Rabson, unafanya nini?"

Nikachimba. Ule udongo mgumu wewe, viganja vyangu vya nondo lakini vilipasuka. Futi moja. Futi moja na nusu. Nikiwa karibu futi mbili sururu ikapita chini ya jiwe. Chini ya jiwe hakuna jiwe lingine. Kuna udongo mweusi, mkavu, una nyufa unaweza kuingiza vidole vinne.

Ikupa alishafika. Akashuka, akaingiza mkono wake chini ya msingi wa serikali, mkono ukapotea mpaka kiwiko. Akautoa. Akaufuta kwenye suruali.

Aliyesema ni Mzee Filemoni. Alikuwa kasimama ukingoni, juu yangu. "Ulijua?"

Nikaangalia chini. "Nilijua, baba."

"Toka lini?"

"Toka siku ya kukata nondo."

"Na ulinyamaza."

"Ningekuambiaje, baba?"

Akashusha kofia usoni. Halafu akageuka akaondoka, akapita katikati ya watu, akaelekea kwake. Nikajua nimeshapoteza kila kitu, mke, mtoto, kile kiti nilichopewa.

Ikupa akaenda kwenye boneti akaandika. Aliandika muda mrefu. Alivyomaliza akasoma kwa sauti ili wote wasikie: paa lisiwekwe, kona ya chumba cha kujifungulia ichimbwe chini kipande kwa kipande na kumwagwa zege mpaka changarawe, halafu aitwe tena aje kuangalia. Akasaini. Adrian akapokea karatasi kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto. Akaenda pembeni na simu, tunasikia tu, "Ndiyo mkuu. Ndiyo mkuu. Hapana mkuu, amegoma."

Basi watu wakawaka. Mama Evarista ndiye aliyeanza. Alibeba jiwe, akaja akaliweka mbele ya tairi la gari. Mwenzake akaleta la pili. Dakika tano barabara imezibwa.

"Hutoki hapa, dada. Hutoki mpaka uandike upya." Mama Evarista ana sauti ya kwaya, inafika mbali. "Shingo hii imebeba maji ya zege toka Oktoba. Mgongo huu umebeba haya mawe. Wewe umebeba nini? Kalamu!"

"Nimebeba kalamu, mama," Ikupa akajibu.

"Kwenu Mbeya mnazalia kwenye vigae!"

"Mimi nilizalia kwenye korongo, mama. Nikitoka shambani, kwenye viazi. Mtoto wangu wa kwanza anaitwa Sekela, uliza dereva."

Dereva alikuwa kajifungia ndani ya gari, kapandisha vioo. Hakuna wa kumuuliza. Kijana mmoja akatupa donge la udongo likapiga mlango. Nikatoka na sururu yangu nikasimama mbele ya gari. Sikuwa shujaa, nilikuwa nimeshapoteza kila kitu, nikaona nipigane na mtu. Ikupa akanishika bega. "Weka chini hiyo. Ukimpiga mtu mmoja, karatasi yangu haina kazi tena. Watasema tulikuja kupigana." Nikaweka.

Tukakaa kwenye tofali, mimi na yeye, katikati ya watu wenye hasira, saa mbili nzima. Akatoa chapati zake, akanigawia moja. Nikamuuliza, kwa hasira bado, alijuaje kama nilikuwa najua.

"Ulinitukana kabla sijakuuliza mara ya pili," akasema. "Asiyejua anajibu sijui."

Hapo ndipo akanisimulia. Alizaliwa milimani juu ya Mbeya, wazazi wake wakulima wa viazi na pareto, akaanza chuo cha ufundi kwa kuuza magunia ya viazi. Mwaka mmoja alisimamia madarasa mawili. Mchanga ulikuwa unatoka mtoni kwa mjomba wake. Mchanga mchafu, una tope, ukiukamata unabaki mkononi. Aliuona siku ya kwanza. Lakini mjomba ndiye aliyemsomesha chuo baada ya baba kufariki. Akasema atauosha. Hakuuosha. Lenta zikamwagwa. Wageni wa hatua wakaja, watu wa Iringa hawa hawa, mzee mmoja anaitwa Silvester, akagonga lenta na nyundo, ikabanduka kama andazi la jana. Ikabidi zivunjwe zote.

"Nilimchukia yule mzee," Ikupa akasema. "Nilimwita mchawi, mbele yake. Nikaenda nyuma ya choo cha shule nikalia. Mjomba hakunisalimia mwaka mzima. Sasa Rabson, sikuja hapa kwa kuwa najua kujenga kuliko nyinyi. Yule Adrian kanizidi elimu. Nimekuja kwa kuwa hapa sina mjomba. Sina mkwe. Nikisema kweli narudi nyumbani kula. Wewe ukiisema unalala wapi?"

Nikamega chapati, nikatafuna.

Saa tisa na nusu Mzee Filemoni akarudi. Nyuma yake kitongoji chake kizima, wanaume kama thelathini, sururu na mitaimbo begani. Mama Evarista akasema sawa, sasa tumalizane. Mimi nikasimama tena.

Mzee akapita mbele ya gari, akapita mbele yangu hajanitazama, akaenda mpaka kwenye shimo. Akalitazama. Akavua kofia.

"Evarista," akasema. "Toa mawe yako njiani."

"Mzee, huyu mama..."

"Nani alisema tumefika mwamba?"

Watu wake wakaangalia sururu zao.

"Nauliza. Nani alisema?"

"Ni wewe, mzee," mmoja wa watu wake akajibu, taratibu.

"Ni mimi. Sikuona mwamba wowote. Niliona jua kali, nikaona wenzetu wamebakiza kidogo, nikaona beberu." Akaangalia watu wote. "Beberu mlimla mkanisifu. Sasa mtu kaja toka Mbeya, kaingiza mkono chini ya chumba atakachozalia binti yangu, kakuta hamna kitu. Mnataka kumpiga huyo?"

Mama Evarista alisimama kidogo. Halafu akainama, akachukua jiwe lake, akalirudisha. Gari ikatoka saa kumi. Ikupa akafungua kioo akasema "Ndaga," hiyo ni asante kwa kwao, na akaondoka.

Ugeni haukuja. Adrian aliandikiwa barua ya kujieleza, akaja kunitukana mpaka kijiweni, na alikuwa na haki. Mvua ziliingia mwisho wa Desemba kabla kazi ya chini haijaisha. Januari kona ile ilinyanyuka, ufa ukapanda toka chini mpaka dirishani, unapitisha mwanga. Hapakuwa na paa juu yake, hapakuwa na mtu ndani. Eveline alijifungulia Idodi, alikwenda kwa bodaboda, mimi nikikimbia na baiskeli nyuma kama kichaa. Mtoto wa kiume, anaitwa Jailos. Mzee Filemoni alikuja kumwona siku ya tatu. Alimbeba, akamtazama, akaniambia, "Kaa." Hajaniambia lingine mpaka leo. Lakini nilikaa.

Mwezi wa sita nilipata kazi Mbeya, ghala moja karibu na barabara ya Zambia. Nikamtafuta Ikupa. Anakaa kwenye nyumba ndogo juu kilimani, buti zake ziko mlangoni. Mume wake, Benjamini, anatengeneza redio, kaniona tu akasema, "Wewe ndio wa buti ya njano! Ingia, mke wangu anakutangaza mji mzima." Tukala viazi na maharage. Nikawaambia kona imeshachimbwa, watu wa kitongoji cha Mzee Filemoni walichimba wenyewe baada ya masika, kipande kwa kipande, zege limefika kwenye changarawe. Ufa tumeuvunja na kujenga upya. Nondo mpya nimesuka mimi, urefu kamili. Bado yeye aje kuangalia ndipo paa liwekwe.

Akaacha kula. "Siji, Rabson."

Akanionyesha barua. Imesema ukaguzi wa wageni unachelewesha miradi, kwa hiyo hatua zilizobaki zitafanywa na wataalamu wa ndani wanaoyafahamu mazingira. Nikasoma mara mbili. Wanaoyafahamu mazingira! Nani anayafahamu mazingira kuliko mimi? Mimi niliyafahamu mpaka nikachukua msumeno nikakata nondo nne huku nacheka na mkwe.

"Na wewe umekubali?" nikamuuliza. Nilipandisha sauti, Benjamini akazima redio.

"Mimi ni mtumishi, natumwa," akasema. "Barua haikuandikwa na kijiji chenu. Kijiji hakijasema kitu. Kikisema, hiyo ni habari nyingine."

Nimerudi Iringa na hilo neno. Wodi imesimama, haina paa, hatua mbili zimebaki, na mtu wa kuangalia atakuwa shemeji ya mtu. Mimi peke yangu nikienda ofisini nitagombana na mlinzi getini, najijua.

Kwa hiyo wewe wa kule kwetu, Jumatano ijayo saa nne kuna mkutano wa kijiji. Njoo. Ajenda ya wodi ikisomwa, nyoosha mkono, sema unataka mtu wa mkoa mwingine aje kuangalia ile kona kabla bati moja halijapanda, na ukatae kukaa mpaka iandikwe kwenye muhtasari. Wewe wa mbali, kwenu pia kuna darasa, zahanati au daraja linajengwa sasa hivi. Nenda kesho ofisi ya kijiji au ya kata. Waambie wakuonyeshe karatasi ya aliyeukagua msingi, na waulize ana ndugu gani hapo. Karatasi isipokuwepo, simamisheni kazi.